Uanze na nini katika biokemia: protini, sukari, asidi nukleiki au safari ya oksijeni?

Anayeanza biokemia hukutana na mada nne zisizokwepeka: protini, kabohaidreti, asidi nukleiki, na ile sura ya hemoglobini na oksijeni ambayo vitabu vingi huiweka mara baada ya protini. Aliye darasani hana la kuchagua, anafuata ratiba ya mwalimu. Lakini anayejisomea, anayerudia somo kabla ya mtihani, au anayejiandaa kusomea tiba, uuguzi, famasia au maabara, huamua mwenyewe aanzie wapi. Uamuzi huo una uzito. Ukianzia pasipokufaa, somo zima linageuka msururu wa majina ya kukariri, na jina lisilo na sababu halikai kichwani.

Nimezipima mada hizi kwa maswali matatu. Inadai kemia kiasi gani kabla hujaanza kuielewa? Inakupa kitu cha kukokotoa kwa mkono wako mwenyewe, au ni maelezo matupu? Na ukishaimaliza, inakurahisishia zinazofuata? Msimamo wangu nautoa mapema: wengi waanze na usafirishaji wa oksijeni, wakiwa wameonja tu asidi amino, kisha warudi kwenye protini kwa kina. Ila wapo ambao ningewashauri vingine, nao nitawafikia.

Mafuta nayaacha nje ya ulinganisho huu. Ni muhimu sana kwa seli, lakini hayajengwi kwa kuunganisha vipande vya aina moja kuwa mnyororo mrefu, kwa hiyo yanadai njia yake ya kusomwa.

Deni la mwanzo

Popote utakapoanzia, kuna mambo mawili lazima uwe nayo: pH na bondi dhaifu. Uelewe kwamba kundi la kemikali lenye pKa ya 6 (pKa ni pH ambayo nusu ya makundi hayo yameachia protoni), likiwekwa kwenye pH ya 7.4, litakuwa limeachia protoni yake kwa sehemu kubwa, na kwamba pH ikishuka litaanza kuichukua tena. Uelewe pia kwamba bondi ya hidrojeni moja ni dhaifu, ila mia zikiungana zinashikilia umbo la molekuli nzima. Asiye na haya mawili asianze hata mada moja kati ya hizi nne.

Protini: tajiri, lakini inachosha mwanzoni

Protini nyingi sana katika viumbe hai hujengwa kwa asidi amino 20. Kila moja ina kundi la amino, kundi la kaboksili, atomi ya hidrojeni na tawi lake la pembeni, na tawi hilo ndilo linaloitofautisha na nyingine. Wengine huanza kwa kukariri zote 20 pamoja na herufi zake. Mimi naona ni afadhali kuzigawa kwa tabia: zinazokwepa maji kama valini na leusini, zenye chaji hasi kama glutamati na aspartati, zenye chaji chanya kama lisini na arjinini. Histidini iweke peke yake, kwa sababu pKa ya tawi lake iko karibu na 6, jirani kabisa na pH ya mwili. Mabadiliko madogo ya pH yanatosha kuibadilisha chaji. Ikumbuke, tutakutana nayo tena.

Kinachoifanya protini kuwa mada tajiri ni swali moja: mnyororo ulionyooka unajuaje kujikunja kuwa umbo moja mahususi? Christian Anfinsen alilijibu kwa jaribio ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulifuata hatua kwa hatua. Alichukua kimeng'enya cha ribonukleasi, chenye asidi amino 124 na madaraja manne ya salfa yanayofunga mnyororo wake. Akakiweka kwenye yurea, inayovunja bondi dhaifu, pamoja na merkaptoethanoli, inayofungua madaraja ya salfa. Kimeng'enya kikakunjuka na kazi ikakoma. Alipoziondoa kemikali zote mbili, kikajikunja tena chenyewe na kazi ikarudi. Lakini aliporuhusu madaraja yafungike wakati yurea bado imo, kazi iliyorudi ilikuwa takriban asilimia 1 tu.

Hapo ukikaa na kalamu unaelewa kwa nini. Sisteini 8, yaani asidi amino zenye salfa, zinaweza kuunganishwa mbilimbili kwa njia 105, na njia moja tu ndiyo sahihi. Bila bondi dhaifu za kuuongoza mnyororo kwanza, salfa zinaungana ovyo, na sahihi inapatikana kwa bahati, mara moja katika 105. Maelekezo ya umbo, basi, yamo ndani ya mfuatano wa asidi amino wenyewe. Anfinsen alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1972 kwa kazi hiyo.

Baada ya hapo zinakuja ngazi za umbo: mfuatano, kisha parafujo ya alfa na bapa la beta, ambazo Linus Pauling na wenzake walizieleza mwaka 1951, kisha umbo zima la mnyororo, kisha muungano wa minyororo kadhaa. Parafujo ya alfa ina asidi amino 3.6 kwa kila mzunguko, tarakimu inayofaa kukumbukwa kwa sababu inakuonyesha mara moja matawi yapi yanaangalia upande mmoja.

Udhaifu wa kuanza na protini kwa ukamilifu wake ni kwamba unameza mengi kabla ya kuona yanafanya kazi gani. Ngazi nne za umbo, aina za bondi, njia za kutenganisha protini maabara, yote kabla ya mfano mmoja ulio hai. Wenye subira wanafika. Wengi wanakatia njiani.

Kabohaidreti: usianze hapa, isipokuwa una sababu

Sukari inaonekana rahisi kwa sababu ya fomula yake. Glukosi ni C6H12O6, basi. Kumbe fomula hiyohiyo ni ya galaktosi, manosi na nyingine nyingi. Sukari ya kaboni sita aina ya glukosi, ikiwa imenyooka, ina kaboni nne ambazo mpangilio wake unaweza kuwa wa namna mbili, hivyo yapatikana maumbo 16. Ikijifunga kuwa pete, kama ifanyavyo karibu wakati wote ndani ya maji, huzaa maumbo mengine mawili, alfa na beta. Emil Fischer alipata Nobel ya mwaka 1902 kwa kazi yake juu ya sukari na purini, na ukijaribu kuchora hayo maumbo 16 bila kukosea utaelewa uzito wa alichokifanya.

Kuna jambo moja la kabohaidreti ambalo nalipenda kuliko yote, na linatosha kwa mwanzo. Wanga na selulosi zote ni minyororo ya glukosi. Kwenye wanga, glukosi zimeungwa kwa bondi ya alfa kati ya kaboni ya 1 na ya 4. Kwenye selulosi ni kaboni hizohizo, ila bondi ni ya beta. Tofauti ni upande gani oksijeni moja imeelekea, hakuna zaidi. Mnyororo wa alfa hujipinda, ukawa ghala la nishati ambalo vimeng'enya vyetu hulifungua kwa urahisi. Mnyororo wa beta hunyooka, minyororo ikalala sambamba na kushikana kwa bondi za hidrojeni, ikawa nyuzi imara za ukuta wa mmea ambazo binadamu hana kimeng'enya cha kuzivunja. Glaikojeni ni ndugu wa wanga mwenye matawi ya karibukaribu, takriban kila glukosi 8 hadi 12, na kila ncha ya tawi ni mahali pa kuchomoa glukosi upesi pindi mwili unapoihitaji.

Kwa vigezo vyangu vitatu, kabohaidreti inadai kemia nyingi ya maumbo, inakupa machache ya kukokotoa, na haikufungulii protini wala asidi nukleiki kwa kiwango kikubwa. Anayepaswa kuanza hapa ni yule ambaye lengo lake ni lishe, kisukari au umetaboli. Huyo asikawie: glukosi ndiyo atakayoifuata hatua baada ya hatua.

Asidi nukleiki: njia fupi kwa asiye na kemia nyingi

Hapa herufi ni nne tu. Adenini huungana na thaimini kwa bondi mbili za hidrojeni, guanini na sitosini kwa tatu. Uti wa mnyororo ni sukari na fosfati zikipokezana. Ukijua upande mmoja wa DNA unauandika upande wa pili bila kuuona, na hilo ni zoezi ambalo hata asiye na msingi wa kemia hulifanya siku ya kwanza. James Watson na Francis Crick walipochapisha umbo la parafujo pacha mwaka 1953, wakitegemea pia picha za eksirei za Rosalind Franklin na kazi ya Maurice Wilkins, uwezekano wa DNA kujinakili ulionekana palepale katika umbo lenyewe.

Ulinganisho wa DNA na RNA nao ni mfupi lakini una mafunzo. RNA ina yurasili badala ya thaimini, na sukari yake ina kundi la haidroksili kwenye kaboni ya 2 ambalo DNA haina. Kundi hilo dogo linaweza kuishambulia bondi ya fosfati iliyo jirani, ndiyo maana RNA hukatika upesi kwenye mmumunyo wa alkali ilhali DNA hudumu. Nyaraka ya kudumu imeandikwa kwa molekuli inayodumu. Ujumbe wa muda, kwa inayokatika.

Kisha kuna msimbo: kodoni 64, yaani maneno ya herufi tatu tatu, kati yake 61 zikitaja asidi amino na 3 zikiamuru kusimama. Mwaka 1961 Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei waliweka RNA ya yurasili tupu kwenye mchanganyiko wa seli zilizopasuliwa, ukatoka mnyororo wa fenilalanini tupu. Neno la kwanza la msimbo likawa limesomwa.

Tatizo la kuanza na asidi nukleiki ni kwamba unaweza kwenda mbali ukiwa na herufi tu, pasipo kugusa kemia. Unaweza kutafsiri kodoni kwa ufasaha na bado usijue protini iliyotokana nazo inafanyaje kazi. Kwa anayeelekea jenetiki au kompyuta za biolojia, hiyo si hasara kubwa mwanzoni. Kwa anayeelekea tiba ni hasara.

Oksijeni: molekuli mbili zinazofundisha karibu kila kitu

Nafika kwenye chaguo langu, na hapa nitakaa.

Oksijeni haiyeyuki vizuri ndani ya maji. Lita moja ya damu ya ateri hubeba takriban mililita 3 tu za oksijeni iliyoyeyuka. Moyo ukisukuma lita 5 kwa dakika, hiyo ni mililita 15, wakati mwili uliopumzika hutumia takriban 250. Hemoglobini ndiyo inayoziba pengo hilo. Gramu 150 zake katika lita moja ya damu, kila gramu ikibeba takriban mililita 1.34, zinafikisha mzigo kwenye mililita 200 hivi. Tayari umekokotoa jambo la maana kabla hujachora molekuli yoyote.

Sasa ziweke mbili pamoja. Mayoglobini hukaa ndani ya misuli: mnyororo mmoja wa asidi amino 153, himu moja (kiungo bapa kinachobeba chuma), atomi moja ya chuma. Hemoglobini hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu: minyororo minne, miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja na miwili ya beta yenye 146, na kila mnyororo una himu yake. Ukiulinganisha mnyororo wa beta na mayoglobini kwa macho, mikunjo inafanana mno. John Kendrew alilipata umbo la mayoglobini ya nyangumi na Max Perutz la hemoglobini, wakatunukiwa Nobel ya Kemia pamoja mwaka 1962, mwaka uleule Watson, Crick na Wilkins walipopata ya Tiba.

Zinafanana kwa umbo, lakini tabia ni mbalimbali. Fomula ya kiasi cha kujaa ni hii: 1 gawanya kwa (1 + (P50/p)^n). Hapo p ni shinikizo la oksijeni, P50 ni shinikizo ambalo nusu ya nafasi zimejaa, na n hupima ushirikiano kati ya nafasi. Kwa mayoglobini P50 ni takriban milimita 2 za zebaki na n ni 1. Kwa hemoglobini ni takriban 26, na n ni 2.8. Nimeongeza safu ya tatu, ya hemoglobini ya kubuni yenye P50 ileile lakini isiyo na ushirikiano, n ikiwa 1.

| Shinikizo la oksijeni (mmHg) | Mayoglobini | Hemoglobini | Bila ushirikiano |
|---|---|---|---|
| 100 (mapafuni) | 98% | 98% | 79% |
| 40 (tishu zilizopumzika) | 95% | 77% | 61% |
| 20 (misuli inayofanya kazi) | 91% | 32% | 43% |

Zirudie mwenyewe kwa kikokotoo. Si kazi kubwa. Kutoka mapafuni hadi kwenye misuli inayofanya kazi, mayoglobini ingeachia asilimia 7 tu ya uwezo wake. Ni mchukuzi anayepokea mzigo vizuri na kukataa kuushusha. Ya kubuni ingeachia asilimia 36. Hemoglobini halisi inaachia 66. Ndiyo maana mayoglobini inafaa kuwa akiba ya ndani ya misuli, ikiachia oksijeni pale tu hali inapokuwa mbaya sana, na hemoglobini inafaa kuwa msafirishaji. Hakuna iliyo bora kuliko nyingine. Kila moja ina mahali pake.

Ushirikiano huo unatoka wapi? Hemoglobini ina hali mbili, T iliyokaza na R iliyolegea. Isipokuwa na oksijeni, chuma hukaa nje kidogo ya bapa la himu, takriban nanomita 0.04. Oksijeni ikishika, chuma huvutwa ndani na kuiburuta histidini iliyofungwa nacho, histidini nayo huburuta parafujo nzima, na msukosuko unafika kwenye mipaka kati ya minyororo. Minyororo mingine inaegemea hali ya R, na oksijeni inayofuata inashika kwa urahisi zaidi. Mwaka 1938 Felix Haurowitz alikuwa tayari ameona kwa hadubini fuwele za hemoglobini zikibadilika umbo oksijeni inapoingia, miaka mingi kabla ya yeyote kuwa na picha ya molekuli yenyewe.

Halafu kuna vidhibiti. Christian Bohr na wenzake walionyesha mwaka 1904 kwamba kaboni dioksidi huilegeza hemoglobini iachie oksijeni, na asidi hufanya vivyo hivyo. Hapa inarudi histidini. Kwenye mwisho wa mnyororo wa beta, nafasi ya 146, iko histidini ambayo ikichukua protoni hupata chaji chanya na kushikana na aspartati yenye chaji hasi, na mshikano huo huiimarisha hali ya T. Misuli inayofanya kazi hutoa asidi na kaboni dioksidi, hivyo hupewa oksijeni zaidi bila amri ya mtu. Kidhibiti kingine ni 2,3-BPG, molekuli ndogo yenye chaji hasi nyingi inayojipachika kwenye tundu la katikati la hali ya T. Hemoglobini ya kijusi ina serini mahali ambapo beta ina histidini, nafasi ya 143. Chaji chanya zimepungua, BPG inashika kwa udhaifu, na kijusi kinaweza kuchukua oksijeni kutoka kwenye damu ya mama. Na monoksidi ya kaboni, inayoshika chuma hichohicho kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, inaeleza kwa nini moshi wa jiko ndani ya chumba kisicho na hewa huua.

Kinachonifanya niipendelee mada hii ni kwamba zile nyingine tatu zinaingia zenyewe. Asidi nukleiki inaingia kwa selimundu. Mwaka 1949 Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hutembea tofauti kwenye uga wa umeme; baadaye Vernon Ingram akabaini kwamba asidi amino moja tu imebadilika, glutamati ya nafasi ya 6 kwenye beta imekuwa valini. Kwenye DNA, GAG imekuwa GTG. Herufi moja, na hemoglobini zilizopoteza oksijeni zinagandamana kuwa nyuzi ndefu zinazopinda chembe ya damu. Kabohaidreti inaingia kwa HbA1c: glukosi ya damu hujishikiza polepole, bila kimeng'enya, kwenye mwanzo wa mnyororo wa beta. Kwa kuwa chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kiasi kilichoshikizwa kinaonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Hata makundi ya damu yamo karibu. Chembe ileile inayobeba hemoglobini ina sukari juu ya utando wake, na tofauti ya kundi A na B ni sukari moja ya mwisho, N-asetilgalaktosamini kwa A na galaktosi kwa B.

Nani achague lipi

Kama unaelekea tiba, uuguzi, famasia au maabara, anza na oksijeni, na soma asidi amino zile tu zinazotajwa humo: histidini, valini, glutamati, aspartati, serini. Ukimaliza, rudi kwenye protini yote, na jaribio la Anfinsen liwe la kwanza kusoma. Kama kemia imekupiga chenga tangu sekondari, anza na asidi nukleiki ili upate mwendo, kisha uje kwenye selimundu, itakuingiza kwenye protini kwa upole. Kama lengo ni lishe au kisukari, anza na glukosi, alfa na beta, kisha HbA1c. Anayetaka kuwa mtafiti wa maumbo ya molekuli peke yake ndiye ningemwambia aanze na protini kwa ukamilifu wake, ngazi zote nne, bila kuruka.

Kwa atakayepita njia ya oksijeni, kuna jambo moja la kuahirisha: mjadala wa mifano miwili ya ushirikiano, ule wa Monod, Wyman na Changeux wa mwaka 1965, ambapo minyororo yote hubadilika kwa pamoja, na ule wa Koshland na wenzake wa mwaka 1966, ambapo hubadilika mmoja baada ya mwingine. Usiuguse mpaka uweze kuchora grafu za kujaa oksijeni za mayoglobini na hemoglobini kwenye karatasi tupu, na kuonyesha kila moja inasogea upande gani pH ikishuka kutoka 7.4 hadi 7.2. Jibu la mayoglobini ni kwamba haisogei kwa kiasi cha maana, na ukiweza kusema kwa nini, uko tayari kwa mifano yote miwili.